Mtambo wa Upepo Ambao Kilimanjaro Haina

Moshi kuna kauli inayozunguka kila umeme unapokatika. Watu wa mlima huu, husemwa, walijua mali ya pamoja kabla ya serikali, kabla ya benki, kabla ya kahawa. Kipeni kijiji mtambo wa upepo, kiuze umeme wake chenyewe, na hela itabaki mlimani. Nimeisikia sokoni Kiboriloni, nimeisikia kwenye daladala ya Marangu, na kila mara wasikilizaji huitikia kwa kichwa. Kauli ambayo hakuna anayeibishia ndiyo ninayotaka kuikagua kwanza. Hiyo mali ya pamoja ilikuwa ya nani hasa, na ilimlipa nani?

Nilianza na orodha za mitambo, maana orodha haina ushabiki. Kituo cha kwanza cha umeme wa upepo kuingia kazini Tanzania Bara kiko Mwenga, Mufindi: mitambo mitatu, megawati 2.4 kwa jumla, tangu 2020. Ni mali ya kampuni. Kenya walitangulia mbali. Mitambo miwili ilisimama kwenye vilima vya Ngong mwaka 1993, na ukitazama ramani, Ngong iko karibu zaidi na Moshi kuliko Mufindi. Nikashusha kidole hadi mkoa wa Kilimanjaro. Umeme wa maji umo. Wa upepo haumo. Orodha imesahau, au kweli hakujawahi kuwa na kitu?

Watu hawakuridhika na orodha. Njia ya Sanya Juu nilielekezwa kwenye "kile cha upepo", kimesimama mbali na lami, nikatembea katika vumbi la kiangazi hadi nikakifikia. Mnara wa simu. Mlinzi wake alicheka, akanikaribisha kivulini. Wengine walikumbuka pampu za upepo za kunyweshea ng'ombe, lakini kila nilipouliza ni wapi, kumbukumbu zao zilihamia Singida na Dodoma. Nikaacha kutafuta chuma. Kama mtambo haupo, je, upepo wenyewe upo?

Upo, ila si pale unapotakiwa. Wataalamu waliosaka upepo wa kuzalisha umeme nchini walipima Mgagao kule Upareni, Mkumbara chini ya Usambara, Karatu, Singida na Makambako. Ukisoma majina hayo unaona mantiki yake: ni sehemu kavu, wazi, au zenye mwanya wa milima. Nguvu ya upepo haipandi sawa na kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nane. Kasi ikipungua nusu, inabaki sehemu moja ya nane. Kihamba cha Kilema au Uru, chenye migomba, mibuni na miti ya kivuli, kina upepo wa kutikisa majani tu, unaopanda mchana na kushuka usiku. Isitoshe, hewa ya mita 1,500 juu ya bahari ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Upepo wa kazi uko bondeni, kwenye ukame. Sasa wanaoishi huko bondeni ndio wale wenye sifa ya mali ya pamoja?

Sifa hiyo ina ushahidi wa kwanza unaotolewa daima: mfongo, mfereji wa Wachagga. Maji hukamatwa juu, karibu na msitu. Hupitishwa kwenye kingo za makorongo, na penye bonde huvushwa kwa magogo yaliyochimbwa ndani. Usiku hulala kwenye bwawa dogo, nduwa, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu. Charles New, mmisionari aliyeifikia theluji mwaka 1871, aliyaandika aliyoyaona. Harry Johnston, aliyekaa Moshi mwaka 1884 wakati wa utawala wa Mangi Rindi, naye alisifu. Wageni hao walistaajabia ufundi wa kupandisha na kushusha maji bila kipimo cha kizungu. Lakini aliyelazwa bila zamu, wao wangemwonea wapi?

Simulizi linalopendwa linasema kijiji kizima kilichimba na kijiji kizima kikamiliki. Nililiweka mezani. Mifongo mingi hubeba jina la mwanzilishi au la ukoo wake, na uzao wake ndio uliotoa msimamizi, meni mfongo. Wengine waliingia kwa kuchimba naye, au kwa kuomba. Mvua ikiujaza udongo, huitwa msaragambo, kazi ya pamoja. Asiyetokea hutozwa, mara nyingi pombe ya mbege au mnyama. Akikaidi, maji yake hufungwa. Kwa hiyo haukuwa mfereji wa kila mpita njia. Ulikuwa na wanachama, ulikuwa na kiingilio, na kiingilio kililipwa kwa jembe. Mwenye kutaka kuuiga kwa mtambo wa upepo ataanza kuandika majina kutoka ukoo gani?

Idadi ya mifongo nayo ilinitesa. Hesabu moja hutoa mia kadhaa, nyingine hupita elfu. Niliposimama juu ya mfereji mmoja nikaelewa kwa nini. Mkuu hugawanyika, tawi huzaa tawi, tawi la mwisho huingia nyuma ya jiko la mtu na kupotea kwenye magimbi. Mhesabuji mmoja huhesabu shina, mwenzake huhesabu vidole. Hakuna aliyedanganya. Lakini kama mifereji yenyewe haikubaliani na hesabu, faida yake ipimwe kwa kipimo gani?

Mimi niliipima kwa chakula. Maji ya kiangazi yalimwagilia ulezi, na ulezi ndio roho ya mbege; bila mbege hakuna mahari inayosemeka wala kikao cha wazee kinachoanza. Yalinywesha ng'ombe wa zizini, na samadi ya zizini ikarudi kwenye migomba. Karne ya 19, misafara ya pwani iliyofuata pembe na watumwa ilihitaji kula, na mlima wenye ndizi na nafaka wakati tambarare imekauka ulikuwa ghala. Mwenye ghala huyo alikuwa mangi. Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho hawakushindana kwa mikuki mitupu. Walishindana pia kwa chakula, ng'ombe na wageni wa kuuziwa. Mfongo uliwashibisha waliouchimba, au uliwakuza waliowatawala?

Nadhani ulifanya yote mawili, kwa viwango tofauti, na hapo ndipo sifa ya "pamoja" inapoanza kupwaya. Tazama wanawake. Wao ndio waliochota maji hayo alfajiri, wakayapikia, wakawanywesha ng'ombe. Soko la ndizi lilikuwa lao. Katika kikao cha mfongo hawakuwa wanachama. Bruno Gutmann, mchungaji wa Kijerumani aliyeishi Moshi ya Kale kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1926 kitabu kinene juu ya sheria za Wachagga, na ukikisoma unakutana na taratibu za wazee, koo na mangi. Ni hazina. Ni hazina ya waliokuwa na haki ya kusema kikaoni. Nani mwingine alikuwa akiguswa na maji hayo bila sauti yake kuandikwa?

Huko huko Moshi ya Kale nilimkuta mzee mmoja akizibua kijito kwenye mpaka wa kihamba chake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, nikamweleza habari za mtambo wa kijiji na kumwonyesha picha kwenye simu. Akaikodolea macho.

"Hili pangaboi likiharibika, atapanda nani?"

"Fundi, mzee."

"Wa hapa?"

"Labda wa Dar es Salaam. Labda wa ng'ambo."

Akarudi kwenye udongo wake. "Mfongo ukibomoka tunakwenda na majembe. Hili tutalifuata na nini, mwanangu?"

Nilikaa na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyokaa na vitabu. Katika bei ya mtambo wa upepo, sehemu kubwa ni mtambo wenyewe, nao hutengenezwa mbali. Ujenzi huajiri vijana kwa miezi, kisha wanabaki walinzi na mwangalizi mmoja au wawili. Hela inayoweza kubaki mahali hupitia milango michache: gawio la wamiliki, kodi ya ardhi, ushuru wa kijiji, na kazi ambazo umeme huo unawezesha. Wamiliki wakiwa wageni, mlango wa kwanza hufungwa na gawio linakwenda kwao. Ndiyo maana wapenzi wa mitambo ya kijiji hushikilia umiliki. Je, kuna mahali umiliki huo ulifanya kazi kweli?

Pako. Kisiwa cha Gigha, magharibi mwa Scotland, kilinunuliwa na wakazi wake mwaka 2002. Miaka michache baadaye walisimamisha mitambo mitatu iliyokwisha kutumika kwingine, kilowati 225 kila mmoja, wakauza umeme kwenye gridi na mapato yakasaidia kukarabati nyumba zao. Denmark, wakazi wa Samsø waliweka mitambo 11 ya nchi kavu mwaka 2000, wengi wakiwa na hisa. Mifano hii hutajwa sana kwenye semina, na mimi huwa naisikiliza kwa jicho moja wazi. Gigha ina upepo wa Atlantiki, na wakazi wa sehemu zote mbili waliuza umeme katika nchi zilizokuwa na sera ya kuupa umeme huo bei nzuri. Kilichowanufaisha ni umiliki, au ni upepo na bei?

Nikachukua kalamu. Tuuhamishie mtambo mmoja wa Gigha, kilowati 225, tambarare chini ya Moshi. Tukadirie kwamba kwa mwaka unazalisha asilimia 20 ya kile ungezalisha kama ungezunguka kwa nguvu zote bila kupumzika; ni kadirio langu la kufanyia hesabu tu. Hiyo ni uniti 394,200. Mteja mdogo wa kijijini anayetumia uniti 75 au pungufu kwa mwezi hulipa gridi ya taifa shilingi 100 kwa uniti, na kuunganishwa kijijini kumekuwa shilingi 27,000. Kijiji hakiwezi kumuuzia jirani kwa bei ya juu kuliko hiyo na kumbakiza. Kwa shilingi 100, mauzo yote ya mwaka ni milioni 39.42. Gawanya kwa kaya 500: shilingi 78,840 kwa mwaka, 6,570 kwa mwezi, kabla ya deni la mtambo, mlinzi, bima na vipuri. Hizo ndizo hela zinazosemwa zitabaki mlimani?

Mtetezi wa mitambo ya vijiji atanijibu kwa kusini, na ana haki. Ludewa, kule Mawengi, chama cha watumiaji wa umeme kiitwacho LUMAMA huendesha mtambo wa maji wa kilowati 300 na kuuza umeme kwa wanachama wake. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ilifungua njia kwa wazalishaji wadogo, na chini ya megawati moja masharti ni mepesi. Lakini Mawengi ilianza pale ambapo nguzo za taifa zilikuwa mbali. Mlimani Kilimanjaro nguzo zimeshapita mbele ya vihamba. Mshindani wa mtambo wa kijiji hapa si koroboi. Basi mbona nguzo hizo zilichelewa, wakati maji ya mlima huu yalishaanza kuzalisha umeme tangu miaka ya 1930?

Kwa hilo nikashuka Rundugai. Watalii huja kuogelea kwenye chemchemi za maji maangavu chini ya mikuyu. Mimi niliulizia kituo cha Kikuletwa. Kilijengwa enzi hiyo ya 1930, zaidi kidogo ya megawati moja, kikafanya kazi miongo kadhaa kisha kikasimama. Sasa kiko mikononi mwa Chuo cha Ufundi Arusha, ambacho kimekigeuza mahali pa kufundishia. Umeme wa enzi ya ukoloni ulifuata miji na mashamba makubwa. Nilisimama pale nikitazama juu. Mvua hunyesha kwenye msitu wa Kilimanjaro na Meru, hushuka chini ya mawe, huibuka hapa, huzungusha chuma. Waya nao ulielekea kule kulikokuwa na mteja mwenye hela. Nani alikuwa amekaa mezani maji hayo yalipogawiwa?

Njia ya karatasi ilinirudisha nyuma. Sheria ya kwanza ya maji ya Tanganyika chini ya Waingereza ni ya mwaka 1923. Mwaka 1935 ikatoka ripoti juu ya udhibiti wa maji katika Jimbo la Kaskazini, na kuanzia hapo mifongo ilianza kujadiliwa kama tatizo la kudhibitiwa. Miaka ya 1960 likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, lenye mitambo ya megawati 8, na chini yake kwenye mto Pangani kuna Hale na maporomoko ya Pangani. Tangu hapo ikazaliwa kauli nyingine, dada wa ile ya kwanza: kwamba wakulima wa juu wanamaliza maji ya umeme. Kauli mbili, mlima mmoja. Ya kwanza inamsifu mwenye mfereji, ya pili inamshtaki. Ipi ina mizani?

Niliipima ya pili kwa uangalifu uleule. Ni kweli mfereji wa udongo huvujisha maji mengi kabla hayajafika shambani. Lakini maji yanayozama kwenye kihamba hayatoweki yote. Sehemu huingia ardhini na kuibuka kwenye chemchemi za chini. Isitoshe, tambarare kuna wamwagiliaji wengine, wakubwa na wadogo, na mvua yenyewe haina mkataba na mtu. Nikitoa hukumu: mfongo unachukua maji, ndiyo, lakini kumfanya mkulima wa Uru kuwa sababu ya taa kuzimika Tanga ni kurahisisha mno. Ofisi ya bonde la Pangani ilifunguliwa mwaka 1991, makao yake Moshi, vikafuata vibali na ada. Mfereji uliochimbwa na babu wa babu ukatakiwa kuonyesha karatasi. Kama maji yalifika huko, upepo unaovuma juu ya ardhi ya kijiji utaachwa bure kwa muda gani?

Hapa nikageukia ushahidi wa pili wa kauli ya sokoni: kahawa. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga waliunda chama chao, KNPA, wakati walowezi wengi wakitaka Mwafrika asilime arabika. Mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU. Mjini Moshi utaambiwa hicho ndicho chama cha kwanza cha ushirika Afrika nzima. Neno hilo lipunguzwe: Afrika Kusini walowezi walikuwa na vyama vya wakulima kabla ya hapo. Kwamba ni miongoni mwa vyama vikongwe vya wakulima Waafrika, hilo linasimama lenyewe bila kusaidiwa. Hela yake, tofauti na hela ya mfongo, iliandikwa kwenye vitabu. Vitabu hivyo vilimridhisha aliyepeleka gunia?

Mwaka 1937 havikumridhisha. Wakulima walilazimika kuuza kupitia chama, bei ilikuwa chini, na wengi walitilia shaka makato. Maghala ya vyama vya msingi yakashambuliwa. Simulizi la sherehe hulipita tukio hili kwa haraka. Mimi nimelisoma kama kifungu muhimu kuliko vyote. Watu walikuwa wamiliki kwa jina, na wakabomoa mlango wa ghala lao wenyewe. Mtu hubomoa mlango wake kwa sababu gani, kama si kwamba ufunguo uko kwa mwingine?

Pamoja na hayo, hela ya kahawa ilibaki, na ilibaki kwa namna inayoshikika. Bei zilipopanda baada ya Vita vya Pili, vijiji vya mlima vilijenga shule na kuezeka mabati, na jengo la KNCU likasimama katikati ya mji hadi leo. Chuo cha Ushirika kilianza Moshi mwaka 1963. Sasa ni chuo kikuu. Kisha mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Wakulima hawakuitiwa kikao kuamua kuvunjwa huko. Mifongo katika miaka hiyohiyo iliendelea kuzibuliwa. Mbona mali iliyokuwa na vitabu, jengo na mhuri ilifutwa kwa tamko, na ile isiyo na hata daftari ikabaki?

Nina jibu langu, na silitoi kama la mwisho. Mfongo ulibaki kwa sababu kila aliyeutumia alijua kuutengeneza, na aliyekosa siku ya kazi alijulikana kabla jua halijazama. Gunia la kahawa likishavuka mizani, mwenyewe halioni tena, huona risiti. Mtambo wa upepo uko upande gani? Kwa chuma chake unafanana na kahawa: bei hupangwa mbali, kipuri hutoka mbali. Basi sehemu ya kupigania si cheti cha umiliki. Ni fundi. Kikuletwa kuna mahali pa kufundishia umeme wa maji, mwendo mfupi kutoka Moshi. Kuna sababu gani vijana wa vijiji vya tambarare wasifundishwe kupanda hilo pangaboi kabla halijanunuliwa?

Na kuna kazi ambayo umeme hufanya, ambayo hesabu yangu ya gawio iliiacha nje kabisa. Huko Machame, wilaya ya Hai, wanawake wa Nronga walianzisha chama chao cha maziwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Kahawa ilikuwa hela ya baba. Maziwa yalikuwa ya mama. Maziwa ya jioni yasiyopozwa huchacha, na maziwa yaliyochacha hayashuki Moshi kwa bei nzuri. Jokofu la kupozea likikatikiwa na umeme usiku mmoja, hasara hiyo haigawanywi kwa kaya 500. Inaangukia ndoo za wanawake wachache. Kwao uniti moja ya uhakika saa tatu usiku ina thamani kubwa kuliko shilingi 100. Je, kuna mtu aliyewahi kuthaminisha umeme kwa kipimo cha ndoo hizo?

Tatizo ni kwamba upepo hauna saa, na maziwa yana saa. Mtambo peke yake hauwezi kuliahidi jokofu chochote. Utahitaji gridi nyuma yake, au betri. Na kama nilivyoona mwanzoni, mtambo wenyewe ungesimama mbali na Machame, chini kabisa, kwenye nchi ya wafugaji, wahamiaji, na wenye vihamba wanaoshuka msimu wa mahindi na kurudi juu. Ng'ombe wako juu, upepo uko chini. Kijiji kinachosemwa kila mara katika kauli ya sokoni kiko kwenye mwinuko upi?

Kenya wamelipitia swali hili kwa njia ngumu. Kipeto, Kajiado, mitambo 60 yenye megawati 100 ilianza kazi mwaka 2021. Jamii ya pale ilitengewa asilimia 5 ya hisa kupitia amana, na wenye ardhi hulipwa kwa mitambo iliyosimama kwao. Kinangop, mradi wa megawati 60 ulifutwa mwaka 2016 baada ya mvutano na maandamano ya wakazi. Umbali kati ya sehemu hizo mbili ni wa kuendesha gari kwa saa chache tu. Upepo upo kote. Kilichotofautiana ni pamoja na nani aliulizwa, lini, na ardhi ya nani. Asilimia 5 ni nyingi au kidogo, ukiilinganisha na mwanachama wa mfongo aliyekuwa na zamu yake kamili?

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Upareni, kwenye vumbi la Mgagao, upepo ukinipiga ubavuni kiasi cha kushika kofia. Hapa vipimo vimewahi kuchukuliwa. Hakuna mfongo wa Mchagga hapa, wala mbuni. Kuna mbuzi, mkonge wa mpakani, na vijana wenye bodaboda wakisubiri abiria. Nilimweleza mmoja wao hesabu yangu yote, na shilingi zake 6,570 za mwezi. Alifikiri kidogo, akauliza kama mwenye kukodisha chumba hapa, asiye na shamba wala ukoo hapa, naye jina lake lingeandikwa. Nikamwambia inategemea nani atashika kalamu. Akawasha pikipiki. "Na mkutano wa kuchagua huyo wa kalamu utakuwa siku gani, nisije nikawa safarini?"